Shaba, Stili na Sauti ya Ilombwe

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kusema na fisi, bali zamani ya watu waliovaa sweta na kunywa chai, palikuwa na vilima viwili vilivyotazamana. Kimoja kiliitwa Ilombwe na kingine Masyeto. Katikati palikuwa na bonde, na chini ya bonde mto. Mtu wa Ilombwe akianika shuka, mtu wa Masyeto aliijua rangi yake. Lakini kushuka na kupanda ilikuwa safari ya nusu siku, kwa hiyo watu wa vilima vile walizoea kusalimiana kwa tarumbeta.

Kila Pasaka, kunapopambazuka, kila kilima kilikwenda makaburini kwake pamoja na bendi yake. Walisimama kati ya makaburi ya wazazi wao, wakatazama mashariki, wakalingoja jua kwa nyimbo za ufufuo. Na kabla ya nyimbo, tuba mbili, yale matarumbeta makubwa ya sauti nene, zilisalimiana juu ya bonde. Tuba ya Masyeto ilipiga miito mitatu, na kila mwito uliposikika, Ilombwe waliinua kitambaa cheupe. Kisha tuba ya Ilombwe ikapiga miito mitatu, na Masyeto wakainua kitambaa chao. Miito yote sharti itoke kabla jua halijachomoza. Hakuna aliyedanganya. Kusikia na kusema hukusikia, asubuhi ya Pasaka, mbele ya makaburi, nani angethubutu?

Mpigaji wa tuba wa Ilombwe alikuwa Mzee Anyosisye, baba yake Sekela. Alipiga miaka thelathini. Kisha akafa, na watu wa Ilombwe wakataka kumheshimu.

Wazee wakasema, "Mtu huzikwa na kilicho chake. Fimbo atairithi mwanawe, koti atalirithi nduguye. Lakini kipulizio kimeonja mate yake miaka thelathini. Nani mwingine akiweke mdomoni?"

Kwa asiyejua, kipulizio ni kile kikombe kidogo, kama kikombe cha kahawa chenye mkia, ambacho mpigaji hukikaza midomoni. Basi wakakitoa kwenye tuba, wakakiweka mkononi mwa marehemu, wakamzika kwa heshima zote. Waliimba, walilia, walitupa udongo. Walipokuwa wakirudi, mmoja akasimama njiani akauliza, "Sasa tuba tutaipigaje?"



Wapo walionong'ona habari ya jembe na kaburi. Mjane wa marehemu, Mama Tupokigwe, mama yake Sekela, aliwasikia. "Mwacheni mume wangu," akasema. "Siku ya parapanda ya mwisho, mnataka yeye peke yake aamke mikono mitupu?" Watu wakacheka huku wanalia, na habari ya jembe ikaishia hapo.

Walitafuta mjini. Kila kipulizio cha dukani, ama kilichezacheza tunduni, ama hakikuingia kabisa, kwa kuwa tuba ile ilikuwa ya enzi za mababu na tundu lake halikufanana na tundu lolote. Walifikiria kuazima Masyeto. Lakini kipulizio hakiazimwi, ni kama mswaki.

Pasaka ya kwanza, Masyeto walipiga, Ilombwe wakainua kitambaa, wakanyamaza. Pasaka ya pili, Masyeto walipiga, Ilombwe wakainua kitambaa, wakanyamaza. Ya tatu, vivyo hivyo. Ya nne, vivyo hivyo. Na sheria ya bonde lile ilikuwa hii: tuba isiyolia Pasaka tano inahamia ng'ambo, kwa wenye kuipiga.

Siku moja Sekela alikuwa sokoni, mtoto wake Kissa mgongoni, akichagua maharage. Akatokea Gwamaka, mpigaji wa tuba wa Masyeto, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya.

"Dada Sekela," akasema kwa sauti ili soko zima lisikie, "ile tuba yenu mwaka huu ioshe vizuri. Nina kuku wangu anatafuta mahali pa kutagia."

"Mwambie kuku wako atagie kwenye kofia yako," Sekela akajibu. "Ndani hamna kitu cha kumbughudhi."

Soko likaangua kicheko. Hata Gwamaka alicheka. Lakini Sekela alipofika nyumbani aliketi chini, akaiegemea tuba ya baba yake. Baba yake alimfundisha tangu akiwa na miaka kumi. Miaka yote minne ya ukimya alifanya mazoezi bila tuba, akipuliza kwenye ngumi yake jikoni, brrr, brrr, hadi Kissa akazoea kulala kwa mlio ule. Pumzi anazo. Midomo anayo. Kikombe kimoja tu hana, na kwa ajili ya kikombe hicho sauti ya baba yake itabebwa kwenda kuwa mali ya watu wengine.

Ndipo wakaja mafundi wawili.

Wa kwanza alikuwa Angolwisye, rafiki wa marehemu, fundi wa kuyeyusha shaba. Akasema, "Sekela mwanangu, nitakutengenezea cha shaba. Tuba yenyewe ni shaba. Shaba huelewana na shaba."

Wa pili alikuwa Lusajo, mdogo wake mume wa Sekela, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Akasema, "Shemeji, nitakuchongea cha stili. Stili haishiki kutu, haipindi, na sauti yake hainyong'onyei njiani."

"Vizuri," akasema Sekela. "Upana wake?"

 Upana ulikuwa kaburini. Kikiwa kipana mno, midomo itazama. Kikiwa chembamba mno, sauti nene haitatoka. Kila mtu alikuwa amekiona kipulizio kile, na hakuna aliyekipima.

Mama Tupokigwe alikuwa anapepeta mchele pembeni. Alikuwa mama mwenye haya, mtu ambaye hata kanisani aliimba kwa midomo tu. Akaacha ungo. "Mimi naujua upana wake," akasema, macho chini. "Kila Jumapili alirudi nyumbani na alama ya duara midomoni. Mimi ndiye niliyempaka mafuta. Miaka thelathini. Hata gizani ningeweza kuichora kwa kidole."

Watu wakatazama kando. Mjane kusimulia midomo ya mumewe mbele za watu, huko kwao, si jambo dogo. Wanawake wawili waliguna. Mama Tupokigwe aliona, lakini hakurudi nyuma. Aliingia ndani, akatoka na uzi mweusi. Akajipimia midomoni mwake mwenyewe, akafumba macho, akaupunguza kidogo, akaurefusha kidogo, akaufunga ukawa duara. "Ni hapa," akasema, machozi yakimdondoka. "Si zaidi, si pungufu."

Basi kila fundi alipima uzi ule, akaenda zake.

Angolwisye aliyeyusha bomba la zamani la maji. Shaba haikutosha. Akamvua ng'ombe wake kiongozi kengele ya shingoni, akaiyeyusha pia. Kikombe cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilitoka na tundu. Cha tatu kilitoka salama, akakisugua kwa majivu siku tatu. Tangu hapo ng'ombe wake walipotea mara kwa mara, na mkewe akamwambia, "Mume wangu, sasa nenda ukawaite kwa kipulizio!"

Lusajo aliomba msimamizi wake kipande cha mhimili wa mashine iliyokufa, akapewa. Alikichonga saa za chakula, wenzake wakila yeye anachonga. Stili ni ngumu. Cha kwanza kiliharibika. Cha pili kiliharibika. Wiki ya nne cheche ya moto iliruka ikamwingia jichoni, akakaa siku mbili amefunga kitambaa. Siku ya tatu alimalizia cha tatu kwa jicho moja.

Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka, wote wawili walifika uani kwa Sekela, na nusu ya Ilombwe nyuma yao.

Sekela akaweka cha shaba, akapuliza. Ilitoka sauti nene, laini, kama ng'ombe anayemwita ndama wake jioni. Akina mama wakapiga vigelegele.

Akaweka cha stili, akapuliza. Ilitoka sauti kali, iliyonyooka, kama mtu anayekuita kwa jina lako lote. Vijana wakaruka juu.

"Cha shaba!" walisema akina mama. "Hicho kingine kinatangaza vita!"

"Cha stili!" walisema vijana. "Hicho chenu ni cha kubembelezea watoto!"

"Chagua, Sekela. Pumzi ni zako," wakamwambia wote.

Sekela alikitazama cha shaba, akamwona Angolwisye, aliyebeba jeneza la baba yake. Alikitazama cha stili, akaliona jicho jekundu la shemeji yake. Akichagua hiki, amemwaibisha yule. Akichagua kile, amemwaibisha huyu. Akasema, "Nitavibeba vyote viwili. Asubuhi itachagua." Hakuna aliyefurahi, lakini hakuna aliyenuna.

Asubuhi ya Pasaka ilikuja na baridi ya kule juu, ile inayofanya majani yavunjike ukiyakanyaga. Makaburi yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Ilombwe yote ilisimama pale, watoto wamefungwa mashuka mawili mawili. Ng'ambo, Gwamaka alipiga miito yake. Mmoja, Ilombwe wakainua kitambaa. Wa pili, wakainua. Wa tatu, wakainua. Kisha bonde likanyamaza. Masyeto walikuwa wanangoja, kama walivyongoja Pasaka nne, kwa adabu tu.

Sekela akachukua cha stili, kwa kuwa bonde ni pana. Kilipogusa midomo yake, kilimng'ata kama jiwe la mtoni. Alijaribu kutetemesha midomo. Ikawa kama ya mtu mwingine. Akapuliza, ikatoka hewa tupu.

"Mungu wangu," mtu akanong'ona.

Lusajo ndiye aliyesogea. "Shemeji, anza na shaba," akasema. "Shaba hupata joto upesi. Changu nipe mimi." Akakitoa mwenyewe kwenye tuba, akakitia kwapani chini ya sweta, akasimama hivyo, meno yakigongana.

Sekela akaweka cha shaba. Kilikuwa baridi, naam, lakini pumzi mbili tu kikawa na joto kama mkono wa mtu. Midomo ikaamka. Akapuliza mwito wa kwanza.

Sauti ilitoka chini ya miguu yao, ikapita juu ya makaburi, ikashuka bondeni. Watu walihesabu kimyakimya. Ng'ambo, kitu cheupe kikainuka.

Wamesikia! Mzee mmoja alianza kupiga kelele, mkewe akamziba mdomo. Bado miwili.

Hapo upepo ukaamka. Ulitoka Masyeto ukaja Ilombwe, ukiwapiga usoni. Sekela akapuliza mwito wa pili, akatoa kila kilichokuwa kifuani. Ile sauti nene, laini, ilifika katikati ya bonde ikaanza kulala. Watu walingoja. Kitambaa kikainuka kidogo, kikashuka, kikasitasita, kisha kikainuka.

"Wamesikia kwa shida," akasema Sekela. Midomo yake ilikuwa inawasha; shaba tupu ilikuwa imeanza kuivimbisha. "Wa tatu hautavuka. Shemeji, nipe chako."

Akashika kipulizio cha shaba akivute. Hakikutoka. Akakizungusha. Hakikutoka. Lusajo akakishika kwa mikono miwili, akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kilikuwa kimekwama tunduni kama jino. Na mashariki wingu lilikuwa limekwisha kuwa jekundu.

"Pisheni," akasema Angolwisye. Akapiga magoti mbele ya tuba, akakiangalia kikombe alichokisugua siku tatu. "Nipeni jiwe."

"Baba, kitapinda," Sekela akasema.

"Najua shaba kuliko wewe. Nipeni jiwe!"

Akapewa jiwe. Akakigonga upande huu, akakigonga upande ule, kwa uangalifu asiiumize tuba, lakini kwa nguvu bila kukihurumia kikombe. Ukingo ukakunjamana. Mdomo ukawa kama sikio la mbuzi. Pigo la saba kikatoka, kikaanguka kwenye majani. Angolwisye hakukiokota. "Weka chake," akasema. "Upesi, mwanangu!"

Lusajo akatoa cha stili kwapani. Kilikuwa na joto kama yai lililotoka sasa hivi. Sekela akakikaza midomoni. Duara likakaa pale pale, si zaidi, si pungufu. Akafumba macho, akavuta pumzi kutoka nyayoni, akapuliza.

Lo! Sauti ile haikubembeleza mtu. Iliukata upepo katikati kama panga linavyokata mgomba. Ilishuka, ikavuka mto, ikapanda. Na ng'ambo hakikuinuka kitambaa kimoja tu. Vilipanda kumi, vikapanda hamsini. Wanawake wa Masyeto walivua vilemba, wanaume walivua mashati kwenye baridi ile, wakavipunga hewani, kilima kizima kikawa cheupe kama kimeota maua. Na Gwamaka, bila kungoja zamu, akaikamata tuba yake akaitikia. Sekela akampigia. Gwamaka akaitikia. Jua likachomoza likazikuta tuba mbili zikisemezana, na bendi za vilima vyote viwili zikaingia kwa pamoja, na watu wakapaza sauti, "Amefufuka! Amefufuka kweli!" Mama Tupokigwe, yule aliyeimba kwa midomo tu, siku ile sauti yake ilisikika.

Tuba ikabaki Ilombwe.

Ndugu wasikilizaji, mngedhani hadithi imekwisha, na kama si desturi moja ingekwisha. Sikuwaambia mapema kwa sababu hata Ilombwe wenyewe walikuwa wameisahau. Alasiri waliwaona watu wa Masyeto wakipanda njia, na Gwamaka mbele yao, jasho likimtoka, anamvuta ndama jike mweusi mwenye paji jeupe.

"Ndaga fijo, asante sana, dada Sekela," akasema akihema. "Kuku wangu amekosa nyumba. Lakini sheria ni sheria. Kilima kilichonyamaza kikisema tena, jirani huleta ndama wa kuikaribisha sauti. Mpigaji hamchukui, yeye sifa zinamtosha. Mpigaji hushika kamba, akampa yule aliyeirudisha sauti. Mtu mmoja. Na sisi hatuondoki mpaka tumwone ni nani."

Akamkabidhi Sekela kamba. 

Lusajo akasema kwanza, kwa kuwa alikuwa kijana. "Shemeji, mimi sipendi kujisifu, lakini masikio yote yalisikia. Mwito wa tatu ndio ulioiokoa tuba, na wa tatu ulikuwa wa stili. Nilichonga kwa jicho moja. Na nilipoona changu hakifai kwa baridi, sikung'ang'ania. Mimi mwenyewe nilisema uanze na shaba. Nani mwingine angekitoa chake ili cha mwenzake kitangulie?"

"Mimi," akasema Angolwisye. Akatoa mfukoni kile kikombe kilichokunjamana. Mtu alikuwa amemwokotea. "Lusajo mwanangu, wewe ulikitoa chako ukakitia kwapani. Mimi nilikitoa changu nikakivunja. Leo wewe unacho, mimi sina. Na miito miwili kati ya mitatu ni ya nani? Bila shaba, midomo ya binti huyu ingekuwa imelala mpaka sasa."

"Mzee wangu, ulikigonga kwa sababu kilikwama! Kingetoka chenyewe, wala kusingekuwa na jiwe."

"Na chako kingelia chenyewe, wala kusingekuwa na shaba."

Watu wakacheka, wakagawanyika. Ndipo akina mama wakamsukuma Mama Tupokigwe mbele. Alikataa, wakamsukuma. Akasimama akishika ncha ya kanga yake.

"Mimi sikuyeyusha kitu," akasema, "wala sikuchonga. Lakini niwaulize wanangu hawa: uzi ule usingekuwapo, mngetengeneza nini? Cha shaba kingekuwa kifuniko. Cha stili kingekuwa kifuniko. Ninyi mlitoa chuma, na chuma kinapatikana tena. Mimi nilitoa siri ya nyumba yangu mbele za watu, na hiyo hairudi."

"Mama," akasema Lusajo kwa upole, "uzi haulii."

"Na kikombe kisicho na kipimo kinalia?" akajibu, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka ndama akashtuka.

Mmoja akapendekeza ndama achinjwe wagawane. Gwamaka akakataa: ndama wa sauti ni wa kuzaa, hachinjwi. Mwingine akapendekeza wamfuge kwa zamu. Gwamaka akakataa: sauti ilirudi siku moja, na ndama ni wa zizi moja.

Sekela alisimama katikati, kamba mkononi. Kulia kwake Angolwisye, na shaba iliyokunjamana. Kushoto kwake Lusajo, na jicho lake jekundu. Mbele yake mama yake, aliyevua haya yake mchana kweupe. Safari hii hakuweza kusema atavibeba vyote, wala hapakuwa na asubuhi ya kumchagulia. Watu wa Masyeto walikuwa wameketi kwenye majani wanangoja, na vilima viwili vilikuwa vinautazama mkono wake.

Nami kamba hiyo nawapa ninyi mlionisikiliza. Mmoja alivunja kazi yake ili ya mwenzake iingie. Mmoja alitanguliza ya mwenzake, kisha yake ikavuka bonde. Mmoja alitoa kipimo ambacho bila hicho wote wawili wangekuwa na vifuniko. Semeni, lakini mkisema mseme na sababu: Sekela amkabidhi nani? Je, nani alistahili?